Kabla ya kupanda boti na mtoto mwenye usonji

Mimi ni mtu wa kilimo, si daktari. Lakini iko kitu kimoja nilisikia kwenye kozi ya ufugaji ambacho kimesaidia familia yetu kuliko yote niliyosoma juu ya mbegu.

Mwalimu alituelezea habari za Temple Grandin, profesa wa ufugaji kule Marekani. Yeye mwenyewe ana usonji, ile kwa kifaransa tunaita autisme. Alikuwa anaingia ndani ya njia ya ng'ombe, anainama mpaka urefu wa macho yao, anaangalia. Njo anaona mnyororo unaocheza-cheza, kivuli, maji yanayong'aa chini. Ng'ombe alikataa kupita juu ya vitu vile, siyo juu ya ukaidi. Ondoa mnyororo, atapita bila fimbo. (Sifananishi mtoto na ng'ombe, yaya akisoma hapa asinipigie simu.)

Mtoto wa yaya wangu ana miaka saba. Mwaka jana tulipanda naye boti ya mwendo, kutoka Bukavu kwenda Goma. Honi ikalia, televisheni ikafunguliwa kwa sauti yote, harufu ya mafuta ikajaa. Alianguka chini, akaziba masikio, akajipiga kichwa kwenye bao. Mtu akasema: "Mama, uyu mutoto umemuharibisha!" Mwingine: "Iko na pepo, mumupeleke kwa maombi." Yaya alilia mpaka Goma. Akaapa hatarudia tena. Lakini mama yetu anaishi Goma, na miguu yake haimruhusu tena kupanda boti. Kama mtoto haendi, hawataonana.

Watu wengi wenye usonji, akili yao haichuji sauti, mwanga na harufu kama yetu. Wewe unasahau mashini baada ya dakika tano, yeye anasikia yote kwa mara moja. Wengine ni kinyume: wanatafuta kelele, ao hawasikii maumivu haraka. Tangu 2013, kitabu ambacho madaktari wa akili wa Marekani wanafuata kinahesabu hiyo kati ya alama za usonji. Kulia kule si kwa kutaka bonbo. Ukimpa bonbo, haiishi.

Kwa hiyo, mara ya pili, niliinama. Wiki moja mbele tulimpeleka bandarini saa hakuna boti inayotoka, dakika kumi tu, tukarudi. Nilipiga picha: mlango wa bandari, ubao wa kupandia, viti. Mama akatumiwa mtu ampigie picha ya mlango wake. Kila jioni tuliziangalia kwa mpangilio uleule. Tulichagua boti kubwa. Watu wanafikiri ya mwendo ni bora juu inafika haraka, lakini mule umebanwa, mashini inalia karibu, kutoka hakuna. Boti kubwa inachukua saa nyingi, ila kuna fasi ya kutembea. Tulinunua kaske ya masikio, zile mafundi wa kupasua mbao kwa mashini wanavaa, akaizoea kwanza nyumbani kidogo-kidogo. Shati tulimvalisha ndani-inje, mishono isimguse. Na mfuko wa maharagwe, kilo mbili, juu ya mapaja: ule uzito unamtuliza. Mtoto mwingine anaweza kuuchukia, usimlazimishe.

Nyumbani bado ni vita. Bukavu mvua inanyesha karibu miezi tisa, na sisi tuko chini ya mabati. Tumeweza kutandika mikeka juu ya kitanda chake tu.

Mfanyakazi mmoja wa boti alikubali kutuonyesha mkono mbele ya honi. Kutoka Bukavu alifanya hivyo. Kufika Goma akasahau. Mtoto akachuchumaa, mikono juu ya kaske, yaya akamwekea maharagwe. Tulikaa pale mpaka boti nzima ikawa tupu, hakuna aliyetufukuza. Kisha akaingiza mkono mfukoni mwangu, akatoa simu, akatafuta picha ya mlango wa mama.