Doa, Najisi na Nyumba ya Mungu

Sisi tuliosoma chuoni tunakumbuka kwamba kabla ya kufundishwa kuswali tulifundishwa kutawadha, na kabla ya kutawadha tulifundishwa kupambanua baina ya uchafu na najisi. Tope likirukia kanzu, kanzu imechafuka lakini swala yasihi. Tone la mkojo likiingia, kanzu yaweza kubaki nyeupe machoni pa watu, na swala isisihi. Najisi nayo ina daraja zake: hafifu, ya kati na nzito, na kila moja ina namna yake ya kutoharishwa. Hata ile nzito kabisa, ya mbwa na nguruwe, ina dawa: huoshwa mara saba, na mara moja katika hizo ni kwa udongo.

Nimelikumbuka somo hili kwa sababu ya neno moja la Waskoti, watu wa kaskazini ya Uingereza. Katika lugha yao ya kale wana neno fyle, maana yake kuchafua, kutia najisi. Wana na methali yao juu ya ndege mwovu anayechafua kiota chake mwenyewe. Lakini neno hilo lilikuwa na kazi ya pili, barazani. Wazee walioketi kuamua kesi walikuwa na maneno mawili ya hukumu: kumsafisha mshitakiwa, yaani hana hatia, au kumfyle, yaani hatia imemthibitikia. Kwao basi, aliyevunja sheria alikuwa amenajisika, na baraza ndilo lililotamka.

Waskoti hao walilihitaji sana neno la namna hiyo. Mwezi wa Mei 1559, katika mji wa Perth, baada ya hotuba ya mhubiri John Knox, watu walivunja masanamu ya kanisa na kuziteka nyumba za watawa. Waliovunja walisema wanaisafisha nyumba ya Mungu. Waliovunjiwa walisema nyumba ya Mungu imenajisiwa. Kila upande ulidai kuwa wenyewe ndio wenye maji, na mwenziwe ndiye mwenye uchafu.

Ndugu msomaji, usidhani mambo haya ni ya Ulaya peke yake. Panda nami hadi Plateau, kituo kidogo kisicho mbali na mji wa Eldoret, kilichopewa jina la uwanda wenyewe wa Uasin Gishu, juu ya mita elfu mbili kutoka usawa wa bahari. Ni nchi ya baridi, ya mahindi na ngano na ng'ombe wa maziwa. Katika uwanda huo huo, tarehe 1 Januari 2008, siku mbili baada ya kutangazwa matokeo ya uchaguzi wa rais, lilichomwa kanisa la Kenya Assemblies of God pale Kiambaa. Ndani walikuwamo watu waliokimbilia humo kwa kuamini kwamba hakuna atakayethubutu kuigusa nyumba ya ibada. Walikufa watu wapatao thelathini, wengi wao wanawake na watoto.

Na kabla ya moto kulikuwa na neno. Tangu mapigano ya miaka ya 1990, katika Bonde la Ufa, majirani waliotoka makabila mengine waliitwa madoadoa, na kuwafukuza kukaitwa kuondoa madoadoa. Tazama neno hilo lilivyo dogo! Doa ni jambo la dobi na sabuni. Lakini ukishamwita mtu doa, umekwisha kujipa kazi ya kusafisha, na aliye katika kusafisha hajioni kuwa anaua. Neno lenyewe halikufa. Januari 2022 seneta mmoja alilitamka mkutanoni, papo hapo Eldoret. Alikamatwa, naye akaomba radhi.

Je, baraza lilimfyle nani kwa Kiambaa? Aprili 2009 Mahakama Kuu ya Nakuru, chini ya Jaji David Maraga, iliwaachilia washitakiwa wanne kwa kukosekana ushahidi, na jaji akawalaumu polisi kwa upelelezi mbovu. Kesi ya The Hague, iliyoligusa tukio hilo pia, ilikomeshwa tarehe 5 Aprili 2016. Sheria ya Kenya, kifungu cha 134 cha Kanuni ya Adhabu, inamtambua mwenye kuharibu au kunajisi mahali pa ibada kwa nia ya kuitukana dini. Kiambaa najisi ilionekana na dunia nzima, lakini aliyeitia hakutajwa na baraza lolote.

Sisi wa mwambao tusisimame kando tukanyooshea vidole watu wa bara. Tarehe 4 Oktoba 2013, baada ya kuuawa sheikh mmoja Mombasa, vijana walilichoma kanisa la Jeshi la Wokovu pale Majengo. Na tarehe 2 Februari 2014 askari waliingia Masjid Musa na viatu vyao, wakafyatua risasi ndani. Yale ya pili yalituuma, na yalistahili kutuuma. Je, yale ya kwanza yalituuma sawasawa? Suratul Hajj, aya ya 40, imezitaja nyumba za watawa, makanisa, masinagogi na misikiti katika mpango mmoja. Hilo si la kupitiwa kwa haraka.

Tulisimuliwa chuoni habari za bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume s.a.w. Masahaba walimwinukia kwa ghadhabu. Mtume akawazuia, wamwache amalize, kisha akaamrisha ndoo ya maji imwagwe pale. Najisi iliondoka, na mtu akabaki mzima. Wale wa Kiambaa walifanya kinyume chake: hapakuwa na najisi yoyote, wakamwondoa mtu.

Najisi ya mkojo dawa yake ni ndoo moja. Ya mbwa ni mara saba na udongo. Ya damu ya mtoto ndani ya nyumba ya Mungu, mwalimu wangu hakunifundisha maji yake. Huanza, nadhani, kwa kulisema jina la kosa, na kwa kuacha kumwita jirani doa.