Kivuli cha Mwanangu

Binti yangu ana miaka tisa na ana ualbino. Nauza mitumba hapa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, na Jumamosi tunapanda matatu pamoja kwenda kwa dada yangu Malaba. Tuko karibu nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta. Adhuhuri jua hukaa utosini, na ngozi yake haina kinga.

Kwa hiyo shemeji aliponiwekea programu ya kupima jua kwenye simu, nilifurahi. Ingeniambia mionzi ni mikali kiasi gani na mtoto akae nje dakika ngapi. Iliuliza jina lake, umri, na aina ya ngozi, kuanzia ya kwanza hadi ya sita. Ya kwanza ni ile inayoungua kila mara. Nikabonyeza hiyo. Kisha ikaomba ruhusa ya kujua mahali nilipo saa zote, hata nikiwa nimeifunga. Nikakubali bila kusoma.

Wiki ya tatu nikafungua kumbukumbu za programu ile nikakuta ramani. Nyumba yetu. Njia ninayompeleka shuleni, pamoja na saa. Kibanda changu. Mlango wa dada yangu Malaba. Juu yake jina la mtoto, umri wake, na ile ngozi ya kwanza. Nilikaa chini.

Mzazi wa mtoto kama wangu anajua kwa nini. Mwaka 2010 mahakama ya Mwanza, Tanzania, ilimfunga Mkenya mmoja miaka 17 kwa kujaribu kumuuza kijana Mkenya mwenye ualbino, aliyevushwa mpaka kwa ahadi ya kazi. Na mimi naishi mpakani.

Kijana anayetengeneza simu karibu na kibanda changu ndiye aliyenifungua macho. Ukali wa jua, alisema, hukadiriwa kwa tarehe, saa na umbali wako kutoka ikweta, na simu inaweza kuupigia hesabu yenyewe bila kumtumia mtu habari. Kwa mawingu, jina la mji latosha: Busia. Mlango wa nyumba yangu hauongezi wala kupunguza mionzi. Basi kwa nini ramani ile, kama alivyonionyesha, ilikuwa ikisafirishwa hadi kwenye seva za watu nisiowajua?

Sikatai kuandikishwa. Sensa ya 2019 ilipowahesabu Wakenya wenye ualbino kwa mara ya kwanza, wakapatikana 9,729, nililia kwa furaha. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu nalo haliwezi kutupa losheni ya jua bila kujua tupo. Pale naulizwa kinachohitajika, na najua ninachopokea.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya, ya 2019, inaziita habari za afya nyeti, na hata majina ya watoto wako yamo katika kundi hilo. Data za mtoto hazitumiki bila idhini ya mzazi, na lazima maslahi yake yalindwe. Zikipelekwa nje ya nchi, idhini yangu inatakiwa, na uthibitisho kwamba kinga ipo huko ziendako. Nina haki ya kuziona na kudai zisahihishwe au zifutwe. Nikipuuzwa, napeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, na sheria inampa siku 90 kuyamaliza.

Kuitoa programu kwenye simu hakutoshi, kwani yaliyokwisha kutumwa hubaki kule kule. Nilianza kwa kuzima ruhusa ya mahali katika mipangilio. Kisha nikawaandikia wenye programu barua pepe, kijana wa simu akinisaidia, nikidai wasifu wa mwanangu na ramani yote vifutwe na wanithibitishie kwa maandishi. Jibu lilikuja siku ya kumi na moja: wamefuta. Nimelihifadhi.

Sasa tunatumia kipimo cha zamani. Kivuli chako kikiwa kirefu kuliko wewe, jua bado si kali sana. Kikiwa kifupi kuliko wewe, ingia kivulini. Jumamosi iliyopita, tukishuka Malaba kati ya malori, alisimama, akavuta kofia yake chini, akatazama miguuni.

“Mama,” akasema, “kimeshakuwa kifupi. Twende ndani kwa mama mdogo.”