Je, Wajua? Nguo Ikishaingia Makumbusho, Haivaliwi Tena

Je, wajua kwamba siku makumbusho ya mitindo yanapopokea gauni, gauni hilo limeshavaliwa mara ya mwisho? Hata mwenyewe akirudi kuliomba kwa ajili ya harusi ya mwanawe, hapewi. Jasho, poda, kucha, na zipu inayovutwa kwa nguvu ndivyo vinavyomaliza kitambaa. Mwaka 2022 Kim Kardashian alipanda ngazi za makumbusho ya Met jijini New York, kwenye hafla ya Met Gala, akiwa ndani ya gauni ambalo Marilyn Monroe alilivaa mwaka 1962 alipomwimbia Rais Kennedy. Mwenye gauni ni kampuni ya Ripley's, iliyolinunua kwa dola milioni 4.8. Mgongoni halikufunga, ikabidi pengo lisitiriwe kwa mtandio wa manyoya, na alipomaliza ngazi akalivua akavaa nakala. Wataalamu wa mavazi wa Baraza la Kimataifa la Makumbusho wakatoa tamko: nguo ya kihistoria isivaliwe na mtu yeyote, hata awe nani.

Je, wajua kwamba mwanamke aliyeanzisha makumbusho ya mavazi ya mji wa Bath, Uingereza, ndiye aliyebuni nguo za Katharine Hepburn katika filamu ya The African Queen ya mwaka 1951? Jina lake Doris Langley Moore. Kisa cha filamu hiyo kimewekwa katika Afrika Mashariki ya Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, picha zikapigwa Kongo na Uganda. Meli ya kivita ya Wajerumani iliyomo humo ilitokana na habari za Graf von Götzen, ambayo abiria wa Ziwa Tanganyika waliijua baadaye kwa jina la MV Liemba. Sketi ndefu na blauzi za kola ya juu za Hepburn, zinazozidi kuchakaa kadiri mashua inavyoteremka mtoni, ni kazi ya mtu aliyejua nguo za kale kwa kuzishika mkononi.

Naye alizishika kwelikweli. Katika kitabu chake cha mwaka 1949, The Woman in Fashion, aliwavisha marafiki zake mashuhuri magauni halisi ya kale wakapigwa picha, akiwemo mcheza baleti Margot Fonteyn. Leo angezuiwa mlangoni mwa makumbusho yake mwenyewe! Lakini tumpe haki yake. Ndiye pia aliyechukua futi ya fundi cherehani akapima viuno vya magauni ya kale, akakuta kwamba zile hadithi za mabibi wenye kiuno cha nyigu zilitiwa chumvi nyingi.

Makumbusho hayo ya Bath yalifunguliwa mwaka 1963, na tangu mwaka huo yana desturi ninayoipenda kuliko maonyesho mengi makubwa. Kila mwaka huitwa mtu mmoja anayeijua mitindo, akachagua vazi moja la kuwakilisha mwaka mzima. La kwanza lilikuwa la Mary Quant. La mwaka 2000 lilikuwa lile gauni la kijani la Versace ambalo Jennifer Lopez alilivaa likazua gumzo dunia nzima. La mwaka 2017 lilitoka Dior, likiwa na fulana yenye maneno ya mwandishi wa Nigeria, Chimamanda Ngozi Adichie. Mchaguzi huchagua na kutetea uamuzi wake. Wasomaji wa magazeti hununa. Hebu fikiria zoezi hilo likifanywa hapa kwetu: mwaka wa mashono ya vitenge, mwaka wa madera, mwaka wa abaya zilizodariziwa mikononi. Ugomvi wake usingeisha leo.

Je, wajua kwamba makumbusho hayo kwa sasa hayana mlango wa kupokea wageni? Mwaka 2022 yaliondoka katika jengo la Assembly Rooms, na mkusanyiko wake wa vitu vinavyokaribia 100,000 ukahamishiwa Warminster, kwenye makao ya Dents, kampuni inayotengeneza glavu. Kwa bahati nzuri, miongoni mwa hazina za makumbusho hayo mna glavu za karne ya 17.

Zamani pale Bath mgeni aliruhusiwa kujaribu koseti na sketi ya matao. Zilikuwa nakala, bila shaka, zilizoshonwa kwa kazi hiyo, na hapo ndipo penye siri ya programu nyingi za jamii katika makumbusho ya namna hii. Nguo halisi ikae ndani ya kioo. Kando yake kuwe na kapu la nakala na vipande visivyo na thamani kubwa, ambavyo watoto wa shule, wazee na wasioona wanaweza kuvishika, kuvigeuza na kuchungulia bitana. Mtu akivaa sketi ya matao kisha akajaribu kupita mlango mwembamba, huhitaji tena kumhutubia juu ya maisha ya mwanamke wa mwaka 1860.

Kuna kiza ndani ya kumbi za makumbusho ya mitindo? Kipo, na si mgao wa umeme. Taa hushushwa hadi kiasi cha laksi 50, chini sana kuliko mwanga wa ofisi ya kawaida, kwa kuwa mwanga hupausha kitambaa, na rangi iliyopauka hairudi.

Mdoli wa kuonyeshea gauni hutengenezwa kumfuata mvaaji wa zamani. Gauni halipunguzwi wala kupanuliwa. Fundi huuchonga au kuujaza mwili wa mdoli, sponji hapa, pamba pale, mpaka mabega na kifua vikae kama vilivyokuwa. Gauni moja laweza kula siku nzima.

Je, wajua kwamba nondo anayeruka kabatini hali nguo? Mlaji ni kiwavi wake, na anachopenda ni sufu, hariri, manyoya na nywele. Makumbusho humuua kwa baridi: nguo hufungwa ndani ya plastiki, hewa ikatolewa, ikalazwa kwenye friza la nyuzi 30 chini ya sifuri kwa siku tatu hivi. Hariri ina adui mwingine tena. Mwishoni mwa karne ya 19 wafanyabiashara waliitia chumvi za bati ili ionekane nzito na ya bei, na leo hariri hiyo inapasuka yenyewe ndani ya boksi, pasipo kuguswa. Udanganyifu wa dukani, hasara kwa mjukuu.

Bata, wale wa viatu vya shule, wana makumbusho! Bata Shoe Museum ilifunguliwa Toronto mwaka 1995 na Sonja Bata, aliyekusanya viatu katika safari za biashara ya familia, na jengo lake limesanifiwa mfano wa boksi la viatu lenye kifuniko. Mwaka 2014 waliweka maonyesho kuhusu mavazi yaliyodhuru watu katika karne ya 19, ikiwemo ile rangi ya kijani iliyotengenezwa kwa aseniki.

Na watu huvutwa kweli: maonyesho ya Heavenly Bodies ya Met, New York, mwaka 2018, yaliyohusu mitindo na Ukatoliki, yaliona wageni zaidi ya milioni 1.6.

Huko London mambo yamegeuzwa. Tangu Mei 2025, stoo ya makumbusho ya Victoria and Albert, V&A East Storehouse inamruhusu mtu yeyote kuagiza kitu stoo, hadi vitano kwa mara moja, bure, akiweka miadi mapema. Huhitaji kuwa profesa. Miongoni mwa vilivyogombewa mwanzoni ni gauni la waridi la Balenciaga la mwaka 1954. Kabla ya hapo, V&A ilipokuwa ikiandaa maonyesho ya Africa Fashion, iliyofunguliwa Julai 2022, iliomba umma ulete picha za familia na nguo zilizokuwa zimelala masandukuni. Wabunifu zaidi ya 45 kutoka nchi zaidi ya 20 waliingia, pamoja nao Moshions ya Rwanda na Ami Doshi Shah wa Kenya, kisha maonyesho yakasafiri hadi Brooklyn na Melbourne. Kwangu mimi picha za wazazi waliojipanga studio, kola zikiwa zimenyooka, zilizidi nusu ya yaliyokuwa kwenye jukwaa.

Nawe una kitu sandukuni, najua. Joho la babu au gauni la bibi la harusi lisitundikwe kwenye henga ya waya. Uzito wake wenyewe utalirarua mabegani. Lilaze, mikunjo uijaze karatasi laini isiyo na asidi, na usitie plastiki inayobana unyevu, hasa ukiwa pwani. Kisha andika kwa penseli: nani alilivaa, wapi, mwaka gani, fundi alikuwa nani. Bila maelezo hayo msimamizi wa makumbusho anapokea kitambaa tu, na vitambaa anavyo tele.