Mgeni aliyejenga Nairobi kisha akafungiwa mlango

KILA siku ifikapo saa saba mchana, viti vya Bustani ya Jeevanjee katikati ya jiji la Nairobi hujaa watu. Wapo wahubiri wanaopaza sauti hadi mishipa ya shingo ikatutumka, vijana wanaosubiri majibu ya barua za kuomba kazi, makarani waliotoka ofisini kupunga hewa, na wale ambao hawana pesa za chakula cha mchana ila hawapendi jambo hilo lijulikane. Ukimuuliza mmoja wao jina la bustani hiyo lilitoka wapi, aghalabu atakujibu kwamba ni la Mhindi fulani wa zamani.

Mhindi huyo ni Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara aliyetua Mombasa mwaka 1890. Maisha yake yanafaa kusimuliwa upya katika enzi hii ambapo wageni wanafungua biashara humu nchini, nao Wakenya kwa maelfu wanajaribu bahati yao ughaibuni. Yanagusa swali ambalo vitabu vya kufundisha biashara huliruka: mtu aliyefanikiwa katika nchi isiyo yake hufanya nini pindi watawala wa nchi hiyo wanapomwonyesha kwamba mali yake inatakikana, lakini yeye mwenyewe hatakikani?

Jeevanjee alizaliwa mwaka 1856 mjini Karachi, ambao leo uko Pakistan lakini wakati huo ulikuwa sehemu ya Bara Hindi chini ya Waingereza. Familia yake ilikuwa ya Mabohora, Waislamu wa madhehebu ya Shia ambao kwa vizazi vingi wamejulikana kwa biashara katika bandari za Bahari ya Hindi. Hakupata elimu ya kutajika ya darasani. Aliaga kwao akaenda kutafuta riziki, akazunguka miji ya Bara Hindi, kisha akavuka bahari hadi Adelaide, Australia, alikochuuza bidhaa za mashariki. Kwa hivyo alipokanyaga Mombasa hakuwa mwanagenzi wa maisha ya ugenini.

Mombasa ya wakati huo ilikuwa makao ya Kampuni ya Imperial British East Africa, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 kuendesha shughuli katika eneo ambalo baadaye liliitwa Kenya. Kampuni ilikuwa na bendera na mamlaka, ila haikuwa na watu wa kutosha wa kuifanyia kazi. Jeevanjee aliliona pengo hilo, akaanza kuiletea Kampuni wafanyakazi kutoka Bara Hindi.

Inafaa ieleweke ni kwa nini mtu wa Karachi aliweza kufanya hivyo kwa wepesi kuliko Mwingereza. Fedha iliyotumika Pwani ilikuwa rupia ya Bara Hindi, na iliendelea kutumika katika himaya hii hadi mwaka 1920. Sheria nyingi zilizotumika mahakamani zilichukuliwa kutoka huko huko. Maduka ya Wahindi yalikuwapo Mombasa, Zanzibar na Bagamoyo kabla ya bendera ya Uingereza kupandishwa, na wenye maduka hayo walikopeshana kwa kuaminiana, jina la mtu likiwa ndiyo dhamana yake. Jeevanjee aliingia nchi ngeni, lakini hakuingia soko geni. Siri ya wahamiaji wengi wanaosifiwa kwa ujasiri huwa hapo: daraja lilikuwa limekwisha kujengwa na waliotangulia, nao wakajua namna ya kulivuka.

Kisha ikaja reli. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na ukingo wa Ziwa Victoria, palipo na Kisumu ya leo, mwishoni mwa mwaka 1901. Wenyeji waliokuwa na mashamba na mifugo yao hawakuona sababu ya kuacha shughuli zao wakabebe mataruma kwa ujira mdogo. Wahandisi wenyewe walikuwa wamezoea namna reli zilivyojengwa Bara Hindi. Hivyo ikaamuliwa kuwa vibarua watoke huko, na Jeevanjee akapata kandarasi ya kuwaleta, wengi wao wakiandikwa katika jimbo la Punjab na kupakiwa melini bandarini Karachi.

Mwanakandarasi wa aina hii kwa hakika huuza kitu kimoja tu, nacho ni uhakika. Kwa wasimamizi wa reli, kila siku iliyopita bila vibarua, bila unga, bila dengu na samli, ilikuwa siku ya hasara. Aliyeweza kuahidi kwamba watu na chakula vitafika tarehe fulani, na vikafika kweli, hakubishaniwa sana bei. Jeevanjee alianza na watu, akaongeza chakula chao, halafu akachukua kazi za kupasua miamba, kusawazisha ardhi na kujenga vituo. Kandarasi moja ilizaa nyingine. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 alikuwa na meli zake na alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa katika Afrika Mashariki.

Utajiri huo una upande ambao wasifu wake hauna budi kuutaja. Kwa jumla vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli hiyo, ingawa si wote waliopitia mikononi mwa Jeevanjee. Karibu 2,500 walifariki na zaidi ya 6,000 walirejeshwa kwao wakiwa wagonjwa au walemavu. Wanyama wa Tsavo waliopata umaarufu duniani mwaka 1898 waliua sehemu ndogo tu ya hao. Wengi waliuawa na malaria, kuhara na ajali za kazini. Takriban 6,700 waliamua kubaki. Faida ya mwanakandarasi haiwezi kutenganishwa na hesabu hiyo, na hakuna haja ya kujaribu.

Reli ilipofika Nairobi, Jeevanjee aliifuata. Palipokuwa kambi ya mahema pakahitaji ofisi, nyumba za maafisa na maduka, naye akayajenga. Alijenga pia soko lililobeba jina lake, na akawa mmoja wa wamiliki wakubwa wa viwanja na majengo katika mji huo mchanga. Aidha, alianzisha gazeti mjini Mombasa, African Standard, akamwajiri mhariri Mwingereza kuliendesha. Ndilo gazeti linaloitwa leo The Standard.

Hadi hapo, Jeevanjee alikuwa mtiifu wa himaya ya Waingereza. Aliamini kwamba raia wa Malkia ni raia wa Malkia, awe mweupe au mweusi wa nywele, na kwamba aliyechangia jasho na mtaji angepewa nafasi yake. Ushahidi wa imani hiyo ulikuwa wa mawe: mwaka 1906 aliukabidhi mji bustani aliyoitengeneza kwa gharama yake, ndani yake akiwa ameweka sanamu ya Malkia Victoria. Mwanawe Malkia, Mwana-mfalme wa Connaught, aliyekuwa ziarani, ndiye aliyeifunua.

Lakini wakati sanamu ikifunuliwa, mlango ulikuwa ukifungwa. Sir Charles Eliot, aliyekuwa Kamishna kati ya 1900 na 1904, alikuwa ameamua kwamba njia ya kuifanya reli ijilipie ni kualika walowezi Wazungu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1902 ikawafungulia nyanda za juu, ardhi ambayo wenyeji walikuwa wakiilima na kuilisha mifugo. Baadaye Waziri wa Makoloni, Lord Elgin, akaidhinisha kwamba isigawiwe Wahindi huko. Wale waliolipeleka taruma la kwanza mlimani waliambiwa mlima si wao. Mjini nako walowezi walidai makazi yatenganishwe kwa rangi, kwa kisingizio cha afya.

Kwa mfanyabiashara, hilo lilikuwa zaidi ya tusi. Serikali iliyokuwa mteja wake mkuu ndiyo iliyokuwa ikimwekea mipaka ya mahali pa kununua ardhi na kiasi cha kukua. Mtu aliyejenga biashara yake juu ya kandarasi za mteja mmoja mwenye nguvu huwa ameweka mayai yote katika kikapu kisicho chake, na Jeevanjee hakuwa wa kwanza wala wa mwisho kuligundua hilo baada ya kuchelewa. Gazeti lake nalo alikuwa ameliuza mwaka 1905. Chini ya wamiliki wapya liliitwa East African Standard na likawa sauti ya walowezi, likipinga madai yale yale ambayo mwanzilishi wake alikuwa akiyapigania. Katika historia ya magazeti ya nchi hii ni vigumu kupata kejeli iliyo chungu kuliko hiyo.

Angeweza kufanya walivyofanya wengi, yaani kunyamaza, kukusanya alichonacho na kurudi Karachi au Bombay akaishi kitajiri. Alikuwa amepita miaka 50. Badala yake alianza kazi ambayo haikuwa na faida hata senti.

Mwaka 1909 aliteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, akiwa mtu wa kwanza asiye Mzungu kuketi humo. Kiti kimoja miongoni mwa maafisa na walowezi hakingeweza kupitisha lolote, naye alilitambua hilo mapema. Mwaka 1910 alikwenda London kueleza malalamiko ya Wahindi wa Afrika Mashariki, na miaka miwili baadaye akachapisha kijitabu cha rufaa kuhusu suala hilo. Alikuwa pia miongoni mwa viongozi wa East African Indian National Congress, chama kilichoanzishwa mwaka 1914. Mtu ambaye awali alipima mambo kwa rupia sasa alikuwa akitumia rupia zake kwa nauli, mikutano na uchapishaji.

Hata hivyo, haifai kumvisha Jeevanjee joho lisilomtosha. Akiwa London aliliambia gazeti la Daily Chronicle kwamba angefika hata kupendekeza himaya hii iunganishwe na Bara Hindi. Hakuna Mwafrika aliyeulizwa maoni yake kuhusu pendekezo hilo. Haki aliyoidai kwanza ilikuwa ya Wahindi kuwa sawa na Wazungu, ikiwemo haki ya kununua ardhi ambayo Wakikuyu, Wamaasai na Wanandi walikuwa na dai la kale juu yake. Kizazi kilichofuata ndicho kilichouona uhusiano kwa uwazi zaidi, kama Manilal Ambalal Desai aliyemsaidia Harry Thuku mwanzoni mwa miaka ya 1920. Lakini wote hao walipita katika njia ambayo Jeevanjee alikuwa ameanza kuifyeka, hoja ikiwa kwamba rangi ya mtu si kipimo cha haki zake, na kwamba jambo hilo lisemwe hadharani mbele ya mtawala.

Ushindi haukuja. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ilimpa Gavana uwezo wa kuzuia mauzo ya ardhi kati ya watu wa rangi tofauti. Mwaka 1923 tamko la serikali ya Uingereza linalojulikana kwa jina la Devonshire lilisema maslahi ya Waafrika yatatangulia yakigongana na ya wahamiaji, kauli iliyowanyima Wahindi usawa waliouomba huku nyanda za juu zikibaki mikononi mwa Wazungu. Waafrika wenyewe walingoja miaka 40 mingine.

Wakati huo wote biashara ilikuwa ikidhoofika. Kandarasi kubwa za serikali zilikuwa zimekwisha, na siasa haikumletea nyingine. Jeevanjee alifariki mwaka 1936, sehemu kubwa ya utajiri wake ikiwa imeyeyuka. Mwenye kupima maisha kwa daftari la hesabu atasema alianguka. Ila miaka yake ya umaskini ndiyo iliyomfanya akumbukwe na wanahistoria. Wanakandarasi waliobaki na mali zao wakakaa kimya hawatajwi.

Bustani nayo nusura iende. Mwaka 1991 wakuu wa jiji walikuja na mpango wa kujenga jengo la ghorofa la kuegesha magari mahali hapo. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza kampeni ya kuupinga, wakati ambapo kuwapinga wakuu hakukuwa mchezo, miaka miwili tu baada ya Wangari Maathai kutukanwa kwa kuitetea Uhuru Park. Hoja ilikuwa nyepesi: bustani ilitolewa kwa ajili ya umma, na ikiondolewa, mtu asiye na pesa ya kuingia hotelini hatakuwa na mahali pa kuketi katikati ya mji. Mpango ukaachwa. Mwaka 1997 Patel alichapisha kitabu kuhusu maisha ya babu yake.

Baada ya uhuru, Victoria Street iligeuzwa kuwa Tom Mboya Street, Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue, na Government Road, inayopakana na bustani, ikaitwa Moi Avenue. Sanamu ya Malkia aliyoiweka Jeevanjee ilidumu hadi mwaka 2015, ilipoangushwa. Jina la bustani halikuguswa.