Kufufua Gurudumu la Mshipi

Wanachama wanaovua na jamaa zao Msasani au Kunduchi, Dar es Salaam, wasiuze kama chuma chakavu gurudumu la kukunjia mshipi lililoganda. Mara nyingi kilicholishika ni chumvi tu. Lisizungushwe kwa nguvu, meno yatavunjika. Liloweke usiku kucha katika maji vuguvugu ya mvua au ya bomba, kwani visima vingi vya pwani vina chumvi. Kisha lifungue, ukipanga vipande kwa taratibu juu ya kitambaa. Grisi kavu itolewe kwa mafuta ya taa na mswaki. Breki za ngozi zisiguswe na mafuta hayo, zitakakamaa. Kausha, paka grisi mpya kidogo. Mshipi wa zamani utupwe: kolekole ataukata.