Mwendo wa Kumbukumbu ya Kompyuta

Ndani ya kompyuta ya mezani mna viungo vingi, na kila kimoja kina kazi yake. Kiungo kinachofanya hesabu huitwa prosesa. Hicho husaidiwa na kumbukumbu, yaani vibao vyembamba vilivyochomekwa karibu nacho. Prosesa ni kama karani, na kumbukumbu ni kama ghala. Karani hodari akingoja mizigo itokayo ghalani polepole, uhodari wake haumfai kitu. Ndiyo sababu watu hutaka kuiongezea kumbukumbu mwendo.

Kumbukumbu ya namna hii ilibuniwa mwaka 1966 na Robert Dennard, mtu wa kampuni ya IBM huko Marekani. Ndani yake mna vyumba vidogo mno, mabilioni kwa mabilioni, na kila chumba huweka umeme kidogo sana. Kuwapo kwa umeme na kukosekana kwake ndizo alama za moja na sifuri. Lakini umeme huo huvuja, kama maji katika mtungi wenye ufa. Kwa hiyo hauna budi kujazwa tena mara nyingi katika kila sekunde.

Vibao vya aina ya DDR4 hupimwa kwa mapigo, na katika kila pigo hutoka mizigo 2. Mwendo wa juu wa kanuni ni mizigo milioni 3,200 kwa sekunde, kwa umeme wa volti 1.2. Watengenezaji wengine huuza vibao vilivyojaribiwa kwa mizigo milioni 3,600, na ndani yake huandika mwendo huo pamoja na volti zinazohitajiwa, mara nyingi 1.35. Hata hivyo kompyuta ikiwashwa mara ya kwanza hufuata mwendo mdogo ulio salama. Mwenyewe hana budi kufungua ukurasa wa mipangilio, na kuyachagua maandishi hayo ya mtengenezaji.

Tena kuna muda wa kungoja. Kibao kikiombwa neno hakilitoi papo hapo, bali hupitisha mapigo kadhaa kwanza. Kibao cha 3,200 kikipitisha mapigo 16, hungojewa nanosekunde 10, yaani sehemu 10 za sekunde iliyogawanywa mara bilioni. Kibao cha 3,600 kikipitisha mapigo 18, hungojewa nanosekunde 10 vilevile. Basi mizigo ipitayo ni mingi zaidi, lakini ule wa kwanza haufiki mapema. Atazamaye namba moja tu hudanganyika.

Kuzidisha mwendo kuna hatari. Wakati mwingine kompyuta hukataa kuwaka, na kosa hilo ni afadhali, maana huonekana. Kosa baya ni lile la kimya: chumba kimoja husomwa vibaya, moja ikawa sifuri, hesabu ya duka ikaharibika, kisha ikahifadhiwa hivyo hivyo. Siku nyingi hupita mwenyewe asijue, na nakala nzuri haipo tena.

Kwa sababu hiyo fundi mwangalifu huongeza mwendo hatua kwa hatua. Baada ya kila hatua huendesha programu ya kupima, iandikayo katika vyumba vyote na kuvisoma tena kwa muda wa saa nyingi. Likionekana kosa hata moja, hurudi nyuma. Mwendo upatikanao kwa kupoteza ukweli hauna faida.