Madoa Kwenye Mbao: Tujue Dawa Yake

Meza ikiingia doa wengi wetu hukimbilia dawa yoyote iliyopo nyumbani. Lakini kila doa lina dawa yake, na dawa nyingine zikikutana zinadhuru watu.

Tuanze na doa jeusi la chuma. Mbao nyingi zina tanini, kitu kilekile kinachofanya chai ya rangi iwe kali mdomoni. Tia msumari wenye kutu katika chai hiyo, uiache mpaka kesho. Utaona imekuwa nyeusi. Basi, hivyo ndivyo mbao inavyofanya ikipata maji penye msumari au chungu cha chuma. Dawa ya klorini, ile ya kung'arisha nguo nyeupe, haitoi doa hili hata ukimimina chupa nzima. Linataka asidi. Likiwa hafifu, jaribu maji ya limao. Likiwa sugu, mafundi hukwangua vanishi kwanza, kisha hupaka asidi ya oksaliki. Asidi hiyo huuzwa ikiwa chenga nyeupe, huyeyushwa katika maji ya moto. Inafanana na sukari, kumbe ni sumu! Isikae jikoni kamwe. Tumia bakuli la plastiki, siyo la chuma.

Doa la wino au la rangi ya nguo ndilo la klorini.

Doa jeupe la kikombe cha moto liko kwenye vanishi tu. Dawa hizi hazihusiki.

Wako wanaotaka mninga uwe mweupe. Haidrojeni peroksaidi kali pamoja na kostiki soda hufanya hivyo, lakini huunguza ngozi na macho. Hiyo ni kazi ya fundi. Nasi tunashangaa: mtu anunue mninga kwa ajili ya rangi yake, halafu aifute?

Sasa hatari yenyewe. Usichanganye klorini na limao, siki wala asidi yoyote. Hutoka gesi ya klorini, ileile iliyotumiwa vitani kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Inachoma macho na mapafu. Kama dawa ya kwanza imeshindwa, osha mbao kwa maji mengi, ikauke mpaka kesho, ndipo ujaribu nyingine. Fanyia kazi nje, siyo chumbani. Mtu akivuta gesi, mtoeni penye hewa safi, mumpeleke zahanati. Dawa ikiingia jichoni, osheni kwa maji mengi bila kukatisha, kisha zahanati.

Mbao ikikauka ndipo upige msasa. Funga kitambaa puani, maana vumbi lake lina dawa bado.